Kuitambua Huzuni ya Wazee Wetu

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyetuumba hali ya kuwa wanyonge, akatupa nguvu baada ya unyonge, kisha akaturudisha katika unyonge na mvi, kama alivyotujulisha katika Suratur-Rum. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake, na masahaba zake, na kila aliyefuata nyayo zao kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo.

Enyi ndugu Waislamu mliohudhuria, nanyi mnaotusikiliza majumbani kwa njia ya redio, wake kwa waume, na hasa nyinyi wanafunzi: nakuusieni, na naiusia nafsi yangu kabla yenu, kumcha Mwenyezi Mungu.

Leo nimekusudia kuzungumza juu ya jambo lililomo katika nyumba nyingi za Maruku, na za Bukoba yote na Muleba, lakini ni nadra kutajwa. Nalo ni huzuni inayowapata wazee wetu wanapoingia katika umri mkubwa. Huzuni ambayo aghalabu hugeuka kuwa maradhi, na sisi tunaoishi nao chini ya paa moja tusiitambue. Hotuba nyingi zimekwisha kutolewa juu ya kuwatendea wema wazazi. Kila mtoto wa madrasa anajua kuwa katika Suratul-Israa, aya ya 23, Mwenyezi Mungu ameufuatanisha wema kwa wazazi na ibada yake Yeye peke yake, na kwamba amekataza hata mguno mdogo wa kuchoshwa nao. Lakini mtu atamtibu vipi mgonjwa ambaye hajajua kuwa anaumwa? Atajizuia na mguno, atapeleka chakula, atanunua shuka na sweta la baridi, na huku mzee anafifia mbele ya macho yake.

Kabla ya kuwatazama wazee wa hapa kwetu, tumtazame Nabii Yaaqub (A.S.). Suratu Yusuf inatueleza kwamba alipopotelewa na mwanawe Yusuf alishikamana na subira njema. Miaka ikapita. Alipoletewa habari kuwa mwana mwingine naye amezuiliwa Misri, jeraha la kwanza likafunguka upya: akawapa mgongo watoto wake, akalitaja jina la Yusuf, ambaye wao walidhani habari yake imekwisha, na macho yake yakawa meupe kwa huzuni aliyokuwa akiizuia kifuani. Nao waliomzunguka walifanya nini? Hawakumuuliza neno. Walimlaumu kwamba hataacha kumkumbuka Yusuf mpaka adhoofike au aangamie. Akawajibu kuwa mashitaka ya majonzi yake anayapeleka kwa Mwenyezi Mungu tu.

Zingatieni hayo. Huyu ni Mtume, na hapana Mwislamu athubutuye kusema kuwa imani yake ilipungua. Basi yule amwambiaye bibi yake, "Ungekuwa na imani usingelia," amemwambia maneno ambayo Mwenyezi Mungu hakumwambia Yaaqub. Tena zingatieni kuwa huzuni ile ilitoka moyoni ikaingia mwilini, na kiungo kilichougua ni jicho. Na zingatieni kuwa msiba mpya uliuamsha msiba wa zamani, ambapo watoto wake waliona usumbufu tu wa mzee anayerudia jambo moja. Enyi wanafunzi, mnapoisoma sura hii huwa mnaharakia kufika kwenye kanzu iliyomrudishia baba macho yake. Msiharakie. Kaeni kidogo na aya ya 84 mpaka ya 86.

Sasa tuje nyumbani. Mama aliye na miaka 80 leo alizaliwa katika miaka ya 1940. Alikuwa angali kijana mwenye watoto vita vya 1978 na 1979 vilipotufikia mkoani. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania walitambuliwa katika mkoa huu wetu wa Kagera. Na wazee wenu watakumbuka kuwa watu waliuita ugonjwa ule Juliana, kwa jina la nguo za biashara zilizokuwa zikitoka Uganda, kabla hawajajua ni kitu gani kinachowamaliza. Tangu hapo mpaka dawa za kupunguza makali zilipoanza kutolewa bure, kuanzia mwaka 2004, mama huyu alizika. Alizika katika kibanja, kando ya nyumba, kama ilivyo desturi ya Buhaya: mwana, kisha mkamwana, kisha binti aliyerudishwa kutoka mjini akiwa mifupa mitupu. Na hakupata nafasi ya kulia, kwa sababu kila kaburi liliacha mtoto anayetaka uji asubuhi ya pili yake. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ikazama karibu na Mwanza, misiba mingine ikaingia majumbani. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi likapasua kuta ambazo alizijenga kwa kahawa ya miaka mingi. Yote hayo aliyapita akiwa wima, na sisi tukamsifu kuwa ni mama jasiri.

Wajukuu wale leo ni watu wazima. Wengine ni nyinyi mnaonisikiliza mkiwa Mwanza au Dar es Salaam. Mmesoma, mmeoa na kuolewa, na fedha mnatuma kwa simu, Mwenyezi Mungu akulipeni. Lakini nyumba imekuwa kimya, na makaburi yako pale pale nyuma ya migomba. Nami nimewasikia wengi wenu wakistaajabu: "Bibi alistahimili makubwa yote yale, mbona avunjike sasa, wakati shida zimekwisha?" Ndugu zangu, amevunjika sasa kwa sababu sasa ndipo alipopata nafasi. Kazi ya kulea ilikuwa imeizuia huzuni mlangoni. Kazi imekwisha, mlango hauna tena bawabu.

Kwa wanaume hali huja kwa njia nyingine. Mzee wa Kihaya cheo chake kimo katika kibanja. Hapo ndipo alipozikwa babu yake, hapo ndipo anapopokelea wageni kwa kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, na hapo ndipo neno lake linaposikilizwa. Mwaka 2006 mnyauko wa migomba ulipoingia mkoani, wataalamu walifundisha, nao walifundisha haki, kwamba mgomba ulioambukizwa ukatwe na shina lake ling'olewe ili ugonjwa usienee. Kijana alikata akapanda upya. Mzee alisimama akaona migomba aliyoachiwa na baba yake inalazwa chini, na nguvu za kupanda tena hana. Tukahesabu hasara ya ndizi. Au mzee anaitwa katika kikao cha ukoo juu ya mpaka wa shamba, akatoa ushahidi wa mambo aliyoyaona kwa macho yake, na vijana wakaendelea kuzungumza kana kwamba ni mvua inayopiga bati. Akirudi nyumbani siku hiyo asipokula, tunasema tumbo.

Basi huzuni hii tutaijuaje? Wengi wetu tunangojea machozi. Mzee aghalabu halii. Atakuambia juu ya mgongo, magoti, kifua kinachowaka, kichwa kizito. Atakwenda zahanati mara tatu kwa mwezi, atapewa vidonge vya maumivu, na maumivu yatahama kutoka kiungo hiki kwenda kile. Ataamka saa tisa za usiku na kukaa kitandani akingoja alfajiri. Chakula atakisukuma. Nguo zitaanza kumpwaya. Aliyekuwa mpole atakuwa mkali kwa watoto juu ya mambo madogo, na aliyekuwa msemaji atajibu kwa neno moja. Atayaacha yale aliyokuwa akiyapenda: hatandazi tena nyasi shambani, haulizi habari za jirani, na msimu wa senene ukifika, watoto wakipiga kelele za furaha, yeye hageuzi hata shingo. Utamsikia akisema kuwa yeye ni mzigo, kwamba anakula bure.

Kipimo ni mabadiliko. Aliyekuwa mkimya maisha yake yote, ukimya wake si ugonjwa. Mtazameni alivyokuwa mwaka jana, mkamtazame alivyo sasa; na hali hiyo ikiendelea kwa muda wa wiki mbili na kuzidi, usiku na mchana, msiseme ni uzee. Uzee hupunguza mwendo na huongeza mvi. Kuiondoa ladha ya chakula, usingizi na haja ya kuwaona wajukuu si kazi yake. Madaktari huyaita maradhi haya sonona, na yana matibabu kwa mzee kama yalivyo nayo kwa kijana. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kiasi cha asilimia 14 ya wazee ulimwenguni wana maradhi ya akili ya namna moja au nyingine, na sonona ni miongoni mwa yale yaliyoenea zaidi. Hii ni kama mtu mmoja katika kila saba. Hesabuni wazee wa mtaa wenu.

Hapa hapana budi niseme jambo linalonihusu mimi mwenyewe. Palikuwa na mzee mmoja katika safu ya mbele ambaye kwa miaka mingi sikuwahi kupanda mimbari nisimwone. Akaanza kukosa Alfajiri, kisha Isha, kisha Ijumaa. Nikasema ni mvua, maana Bukoba hatukosi mvua ya kuisingizia. Nikasema ni magoti. Nilipokwenda kumtazama baada ya miezi kadhaa nilimkuta amekonda, amejifunika blanketi, uso ameuelekeza ukutani. Tulikaa muda mrefu tukizungumza juu ya kahawa na bei yake. Nilipokuwa nataka kuondoka ndipo aliponiambia, kwa sauti ya chini kama mtu anayeungama kosa, kwamba mkojo hauzuiliki tena, kwamba aliona haya kuuchafua msikiti, na kwamba aliamini sala zake zote zimekwisha kuharibika. Alikuwa amejitenga na watu, akajiona ametengwa na Mola wake. Na hukumu ya jambo lake iko wazi katika vitabu vya fiqhi tunavyowasomesha watoto: mwenye udhuru wa namna hii hujisafisha, hujifunga kitambaa, hutawadha baada ya wakati wa sala kuingia, kisha husali mara moja, na sala yake ni sahihi ijapokuwa yamemtoka matone. Tena udhuru wenyewe mara nyingi ni tezi dume, ambayo hospitali huitibu. Nilikuwa nimeisomesha mas-ala ile mara nyingi. Sikuwahi kuisema juu ya mimbari, na yeye aliyeihitaji hakuwa mwanafunzi wa darasa langu.

Kwa hiyo mzee akiacha msikiti, tumwulize kabla hatujamdhania. Huenda hasikii khutba, akachoka kukaa kama mgeni miongoni mwa watu. Huenda mtoto wa jicho amemfunga asiweze kuusoma msahafu wake. Huenda hawezi kusujudu, na hakuna aliyempa kiti. Mtume (S.A.W.) alighadhibika kwa ajili ya imamu aliyerefusha sala, akakumbusha kuwa nyuma yake wamo wanyonge, wazee na wenye haja.

Yapo mambo mengine yanayofanana na sonona, na yatupasa tuyapambanue. Mzee aliyekuwa mzima jana, na leo amechanganyikiwa ghafula, hajui yuko wapi, au anazungumza na watu wasiokuwapo, huyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Mara nyingi ni malaria, au maambukizo ya mkojo, au upungufu wa maji mwilini. Usahaulifu wa uzeeni nao huja polepole, kwa miezi na miaka: mtu hupotea katika njia ya nyumbani kwake, huuliza swali lile lile kila baada ya dakika chache, hushindwa kuutambua uso wa mwanawe. Wakati mwingine huzuni na usahaulifu hukutana kwa mtu mmoja, na kuvitenganisha ni kazi ya daktari.

Kazi ya mganga wa ramli haimo humu. Nalisema hili kwa uchungu. Katika mikoa hii inayolizunguka Ziwa Viktoria, kina mama wazee wametuhumiwa uchawi, na wengine wameuawa, kwa sababu ya macho mekundu yaliyounguzwa na moshi wa kuni, au kwa kuzungumza peke yao, au kwa kutembea usiku. Mama asiyelala hutoka nje usiku. Mama aliyezika watoto watano huyataja majina yao akiwa jikoni. Mwislamu atakayeiita hali hiyo uchawi ajitayarishe kujibu mbele ya Mwenyezi Mungu juu ya damu itakayomwagika kwa neno lake.

Tumwendeeje basi mzee huyu? Sisi tumelelewa vizuri katika maamkizi. Mtoto wa hapa hupiga goti, husema shikamoo, na mzee hujibu marahaba. Lakini marahaba huitika hata yule ambaye hajala tangu jana. Goti limepigwa, na macho yetu tayari yako mlangoni. Baada ya maamkizi, kaa chini. Uliza swali la pili: "Babu, usiku unalala?" "Bibi, chakula kinapita?" "Kuna jambo linalokurudia moyoni?" Kisha nyamaza. Akilitaja jina la aliyefariki, usimkatize kwa kumwambia asahau. Mwulize alikuwa mtu wa namna gani.

Na liko swali zito zaidi ambalo msiliogope. Mzee kuzungumza juu ya mauti si ugonjwa. Yuko anayeweka sanda yake kabatini, analipa madeni, anausia mahali pa kuzikwa, na huku anacheka na wajukuu. Huyo anajiandaa na safari, na ni katika mambo mema. Tofauti yake ni yule anayetaka kukimbia. Anasema angelala asiamke, anakataa dawa, anakataa chakula, anagawa vitu vyake vyote kwa uso usio na nuru. Mtume (S.A.W.) ametukataza kuyatamani mauti kwa sababu ya dhiki iliyotupata, na kwa kuwa mzee anaijua hadithi hiyo, huona haya kulitamka lililomo moyoni mwake. Basi muulizeni nyinyi, kwa upole na kwa maneno yaliyo wazi, kama amefikia kutotaka kuishi. Kumuuliza hakumpandikizii fikra hiyo. Aghalabu humpa nafuu kuona kuwa amejuliwa. Akikubali, asiachwe peke yake, dawa za kuulia wadudu wa kahawa na za ng'ombe ziondolewe karibu naye, na apelekwe kituo cha afya, nao watamfikisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa pale Bukoba ikihitajika. Kumpeleka si aibu ya ukoo.

Msiharakie pia kumhamisha. Nimeona watoto wema wakimchukua mama yao kutoka Maruku kumpeleka ghorofani Dar es Salaam, wakidhani wamempumzisha, naye akakaa dirishani miezi sita bila mtu wa kuzungumza naye Kihaya. Aulizwe kwanza.

Wako jirani zetu waliotangulia katika jambo hili. Huko Nshamba, wilayani Muleba, shirika liitwalo Kwa Wazee lilianza mwaka 2003 kuwapa wazee pensheni ndogo ya kila mwezi, hasa mabibi waliokuwa wakilea yatima, na kuwakusanya katika vikundi vya kusaidiana. Tathmini iliyochapishwa mwaka 2008 ilionyesha kuwa fedha zile zilikwenda katika chumvi, sabuni na viatu vya shule. Mwenye mali ataona ni vitu vidogo. Lakini mtu aliyekuwa kichwa cha nyumba, akafikia kumwomba mjukuu fedha ya chumvi kila wiki, anajua ni kitu gani kilichorudishwa mkononi mwake. Nanyi mnaotuma fedha, itumeni kwa mzee mwenyewe, katika simu yake, azigawe kwa mkono wake. Na kabla hamjakata simu, mwulizeni lile swali la pili.

Mwaka wa 8 wa Hijra, Makka ilipofunguliwa, Abubakar (R.A.) alimwongoza baba yake, Abu Quhafa, mzee kipofu mwenye kichwa cheupe, akamleta mbele ya Mtume (S.A.W.). Mtume alikuwa ameingia mji mzima kwa ushindi, watu wa kila kabila wanamngojea. Akamwuliza Abubakar kwa nini hakumwacha mzee nyumbani kwake ili yeye Mtume amwendee. Abubakar akajibu kuwa mzee ndiye anayestahiki kumwendea Mtume. Akaketishwa mbele yake, na Mtume akampangusa kifua kwa mkono wake mtukufu.

Kuanzia leo viti vitano vimewekwa upande wa kulia wa safu ya mbele. Baada ya sala tutaandika majina ya wazee ambao hatujawaona tangu mfungo wa Ramadhani uliopita, na kila jina litachukuliwa na vijana wawili watakaokwenda kesho asubuhi, mkono mtupu au wenye kitu, wakakae nao. Nasema maneno haya, na namwomba Mwenyezi Mungu msamaha kwangu na kwenu na kwa Waislamu wote.